Nafasi ya Kijani

Kwenye mlango wa jokofu letu, hapa Daegu,
mke wangu amebandika ratiba ya binti yetu.
Ameichora kwa rula na kalamu za rangi:
hisabati nyekundu, Kiingereza buluu,
usingizi kijivu, ukanda mwembamba
kama uzi wa kushonea vifungo.
Hakuna rangi ya kupenda.
Niliitafuta.

"Nae-ri ana miaka kumi na saba," nikasema.
"Ana siku mia nne na kumi na moja," akajibu,
maana yeye hahesabu tangu kuzaliwa,
anahesabu kuelekea mtihani.

Mimi ni dereva wa teksi. Bei ya dakika naijua.
Nimekaa kwenye taa nyekundu nikitazama mita
ikila pesa za mtu aliyesinzia nyuma,
na sijawahi kuona dakika
ikirudi kuchukua chenji yake.

Kisha Jumatatu, nikitafuta maji baridi, nikaiona:
safu ya Jumatano, kati ya saa nne kamili usiku
kituo cha masomo ya ziada kinapofungwa
na saa nne na robo ninapofika kumchukua,
mtu amepaka kijani.
Kidogo. Kwa penseli. Kama ukucha wa mtoto.
Mama yake hakukiona, au alikiona akanyamaza;
nyumbani kwetu mambo hayo mawili
huvaa viatu vya namba moja.

Jumatano nikafika mapema.
Ndani ya duka la kona, chini ya taa nyeupe zisizo na huruma,
binti yangu na mvulana mrefu, begi lake zipu imekufa,
beji kifuani: Pyo Gyu-min.
Katikati yao bakuli moja la tambi za maji moto.
Wanangoja zilainike. Dakika tatu.
Hawakushikana mikono.
Alikuwa anamwuliza msamiati, kadi baada ya kadi!
Akipatia, anapewa kipande cha figili ya manjano.
Akikosea, wanacheka wote wawili.
Kicheko sikukisikia, kioo kilikuwa kinene,
ila nilikiona mabegani mwake,
mabega ninayoyajua yakiwa yamepinda juu ya dawati.

Ungeniuliza asubuhi ile ningekwambia: wapi!
Wakati wa kupenda hawana. Hata wa kuumwa hawana.
Mshika mawili moja humponyoka,
ndivyo husema watu ambao mkono mmoja
ulishajaa zamani.

Nilipokuwa na umri wake nilipanda basi moja, miaka mitatu,
na msichana mwenye kovu dogo kidevuni.
Sikumwuliza jina. Nilikuwa nakariri fomula.
Mtihani kwanza, nilijiambia.
Mtihani ukaja, nikaukosa kwa alama sita.
Fomula zimekwenda zake.
Kovu lipo.

Sisemi tambi zile zitamfikisha chuo kikuu.
Sisemi yule kijana atadumu hadi theluji.
Huenda wiki ijayo mwanangu akajifungia bafuni,
bomba wazi ili tusisikie,
na ukurasa mzima wa kemia ukapita bila msomaji.
Machozi nayo yanataka dakika zake,
na hizo nani atazipaka rangi?

Nikazima taa za gari.
Nikawasha mita.
Ikahesabu, kiti cha nyuma kitupu,
won elfu nne, elfu tano, elfu sita na mia mbili.
Nikatoa noti mfuko wa kulia,
nikazitia mfuko wa kushoto.

Saa nne na robo akafungua mlango, ananukia pilipili.
"Umengoja sana, baba?"
"Foleni. Ndiyo kwanza nafika."
Akatazama barabara, tupu kutoka taa hadi taa.
Akatazama mita.
Akafunga mkanda, akatoa kadi zake,
akaanza kukariri kwa sauti ya chini.
Neno la tatu akalikosea,
akacheka peke yake.